Kidevu Anapiga Goti

Fundi saa alikuwa na kawaida ya kusoma gazeti lote, matangazo ya vifo na ya viwanja yakiwemo, akiruka kitu kimoja tu: kikatuni cha chini ya ukurasa wa kumi na nne. Maneno ya kikatuni hicho aliyaandika binti yake mwenyewe, na nusu ya mji walianza nacho kabla ya habari yoyote. Yeye alikiruka makusudi, tena akigeuza ukurasa kwa kishindo ili binti asikie.

Asubuhi hiyo hakugeuza.

"Huyu Kidevu wenu," akasema, "leo kapiga goti."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai kilichopoa. Kazini walimwita Kiputo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kujaza maneno kwenye viputo vinavyotoka midomoni mwa watu wa katuni, na jina hilo lilimganda mpaka nyumbani. Macho yalikuwa yamemvimba. Siku kumi na nne hakuwa amelala usingizi wa maana, na sababu ilikuwa mtu mmoja, mchoraji wa hicho hicho kikatuni, aliyeitwa Wino kwa ule wino usiotoka kwenye dole gumba lake hata siku ya sikukuu. Wino alikuwa ameondoka bila kuaga. Aliacha kikaratasi mezani: *Nimekuelewa. Usijali.* Kumuelewa nini, na asijali nini, Kiputo alikuwa amevunja kichwa mpaka kichwa chenyewe kikachoka.

"Kaangusha kifungo, Baba," akasema bila hamu. "Tumbo lake linakata vifungo vya shati. Ni utani wetu wa siku zote."

"Kifungo?"

Baba alichukua kile kioo chake cha jichoni, anachotazamia matumbo ya saa, akakibana kwenye jicho la kulia, akainamia gazeti. Alikaa hivyo muda mrefu. Kiputo aliisikia saa moja ya ukutani, kisha nyingine, kisha zote, maana sebule yao haikukosa saa kumi za watu.

"Miaka thelathini na minane naangalia vitu vidogo," akasema. "Hiki si kifungo, mwanangu. Kifungo hakina jiwe."

Kiputo akaweka kikombe chini. Akakipokea kile kioo, akainama.

Kulikuwa na visanduku vitatu, kama siku zote. Katika cha kwanza Kidevu, yule msafiri mwenye kidevu kikubwa kama kiatu, anayejigamba asubuhi na kukimbia kuku mchana, amemsimamisha mwenzake njiani, jasho linamtiririka. Cha pili kapiga goti, kainua vidole viwili. Cha tatu kafumba macho kwa hofu, na Mkoba, yule mwanamke anayembebea mizigo miaka yote, kashika mashavu yake kwa mikono miwili. Na katikati ya vile vidole viwili, kwa mistari iliyochorwa na nibu ya kalamu nyembamba kuliko zote, kulikuwa na pete.

Juu yake, kwenye kiputo kikubwa kilichotoka mdomoni mwa Mkoba, yalisomeka maneno ya Kiputo mwenyewe: *Kifungo kingine tena. Inuka bwana, utachafua suruali. Nitakushonea tukiupata mlima.*

Sasa, msomaji, lazima uelewe huo mlima. Kidevu na Mkoba walikuwa mwaka wa tano wakitafuta mlima uliopotea. Mlima mzima unapoteaje, hakuna aliyejua, na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho. Kila mtoto wa shule alifahamu kwamba mlima ule hautaonekana kamwe. Kumwambia mtu utamjibu ukipatikana mlima ni kumwambia aende zake.

Kiputo alikiweka kioo mezani. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Hukuiona?" baba akauliza.

"Sikuiona. Baba, sikuiona kabisa."

Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Fundi saa hakuwa mtu wa kutapatapa, na kumwona anatapatapa kulimtia binti yake hofu zaidi.

"Kuna jambo sikukuambia," akasema. "Yule kijana alipokuja hapa."

"Najua. Ulimwambia binti yako hapewi mtu anayekula kwa kuchora pua za watu. Majirani walisikia."

"Nilisema hivyo. Lakini alinijibu, na jibu lake nikalikalia. Alisema, 'Mzee, nitamuuliza mwenyewe kwa njia yangu. Akikataa, hutaniona tena.' Nikangoja akuulize. Siku zikapita, nikaona kimya, nikadhani kaingia mitini." Akaitazama ile pete gazetini bila kioo, ingawa bila kioo hakuweza kuiona. "Nikafurahi, mwanangu. Nisikufiche. Nilifurahi."

Kiputo alikwenda chumbani, akafungua jalada analowekea nakala za michoro, akatoa ya kikatuni cha leo, akaikunja na gazeti, akatoka.

Njiani alipita kwa muuza magazeti wa pembeni mwa kituo. Watu wanne walikuwa wamezunguka gazeti moja, wanacheka hadi wanashikana mabega.

"Dada, leo mmetumaliza," muuza magazeti akamwambia, anafuta machozi. "Jamaa kajikakamua, katoa pete, mwenzake anamwambia atamshonea. Mnayatoa wapi haya?"

"Yanakuja tu," akasema Kiputo. Akajikaza kisabuni, akatabasamu, akavuka barabara.

Walikuwa na sheria, yeye na Wino. Waliiita sheria ya meza. Picha zinakuja bila neno hata moja, na Kiputo haruhusiwi kuuliza maana yake. Anajaza alichokiona. Maneno yanarudi kwenye karatasi yenye namba, moja, mbili, tatu, na Wino haruhusiwi kubisha. Anayaandika kwa mkono wake ndani ya viputo, yakiwa mazuri au mabaya. Waliitunga sheria hiyo ili kila mmoja amshangaze mwenzake, na kwa miaka mitano walishangazana mpaka wakapendana, ingawa neno lenyewe la kupendana hakuna aliyelitamka. Wino mdomoni hakuwa na kitu. Kwenye karatasi alikuwa na kila kitu.

Michoro yenyewe haikutoka nje ya chumba cha kuchorea, tangu siku Kiputo alipoumwagia mmoja chai. Alipewa nakala ya fotokopi. Na mashine ile ya fotokopi, kila mtu pale ofisini aliilalamikia, ilikuwa imechoka. Mistari minene iliitoa. Myembamba iliimeza.

Ofisini simu zilikuwa zinalia. Mhariri wa ukurasa wa burudani, mwanamume mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alimpokea mikono miwili juu.

"Tangu saa moja simu haijapumzika. Kuna mama kapiga anasema mumewe kapaliwa na chai. Hamjawahi kuchekesha hivi, Kiputo. Na ndiyo siku akiba imekwisha, unaona mkosi wangu? Cha leo ndicho cha mwisho cha vile alivyoacha Wino. Nimembembeleza aje atuchoree cha kuagia, maana kusema kweli amekataa kuendelea."

"Amekuja?"

"Yuko chumbani kwake. Anafunga vitu." Mhariri akamtazama vizuri, na ile sauti kubwa ikapungua. "Una nini, mama?"

"Sina kitu," akasema Kiputo, na akaenda.

Mlango ulikuwa wazi. Wino alikuwa amempa mgongo, anafuta nibu moja moja kwa kitambaa na kuzilaza kwenye kopo la bati. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulifanya. Meza ya kuchorea ilikuwa tupu isipokuwa kipande kimoja, na lile doa la chai pembeni. Kiputo alisimama akiutazama ule mgongo. Aliujua mgongo ule kuliko alivyoujua wa ndugu yake.

"Shikamoo haipo leo?" Wino akasema bila kugeuka. Ulikuwa utani wao wa asubuhi, kwa kuwa alimzidi Kiputo miezi minne.

"Haipo."

Hapo akageuka. Alikuwa amekonda. Kiputo alitamani kumwambia amekonda, ale, akalale, arudi kesho kama kawaida. Badala yake alitandaza gazeti mezani, na kando yake akatandaza nakala.

"Tazama hapa. Halafu tazama hapa."

Wino akainama. Alitazama gazeti. Alitazama nakala. Akarudi kwenye gazeti, akarudi kwenye nakala, na kidole chake chenye wino kikagusa vile vidole viwili vya Kidevu, vilivyoinuliwa hewani bila kitu.

"Hakuna pete," akasema taratibu.

"Hakuna. Niliona Kidevu kapiga goti, tumbo limetoka nje. Ungeona nini wewe?"

"Kifungo."

"Kifungo."

Wino alikaa kwenye kiti chake kirefu kama mtu aliyesukumwa. "Nilitumia nibu nyembamba. Niliona haya. Nilitaka uione wewe tu, mtu mwingine asiione." Akacheka kidogo, cheko baya la kuumiza. "Na leo mji mzima wameiona isipokuwa wewe."

"Na ukaandika maneno yale kwa mkono wako."

"Niliandika. Neno kwa neno. Nilikosea herufi, nikarudia mara tatu."

"Kwa nini hukuniuliza, Wino? Kweli unaniona mimi mtu wa kukujibu hivyo? Kwa mzaha?"

"Sheria ya meza."

"Sheria ilikuwa ya kazi."

"Mimi sikuwa na kingine zaidi ya kazi," akasema. "Unanijua. Nikisimama mbele yako maneno yanakimbia. Na baba yako alikuwa ameshaniambia nisithubutu. Niliposoma lile jibu nikasema moyoni, huyu binti ana huruma. Amenikataa kwa utani ili nisiaibike. Nikaona hata kukuuliza ni kukuongezea kazi ya kunionea huruma."

Kiputo alilia wazi wazi sasa, wala hakujificha. "Nilikupigia simu siku tisa mfululizo."

"Nilikuwa kwa mama. Niliizima."

"Basi sasa unajua. Ni makosa ya mashine. Tusiongee mengi, Wino. Rudisha hizo nibu mahali pake."

Alisema hivyo kwa matumaini yote aliyobaki nayo, na hata alinyoosha mkono kuchukua lile kopo. Wino hakulitoa. Alilishika kwa mikono miwili, akaangalia chini, na Kiputo akaelewa kabla hajaambiwa. Lile shati. Kuna mtu alimpigia pasi.

"Nani?" akauliza.

"Ni muuguzi. Binti wa rafiki yake mama. Mama alikuwa akimtaja miaka mitatu, mimi nakataa. Safari hii sikuwa na nguvu ya kukataa. Wazee walikutana Jumapili. Siku imepangwa."

"Wiki mbili, Wino."

"Najua."

"Hata akiba ya katuni ilikuwa haijaisha, na wewe umeshaposa."

"Najua, Kiputo."

Akataka kumchukia. Alijitahidi kabisa, lakini chuki ilikataa kuja. "Unampenda?"

Wino aliliweka kopo mezani. "Ni mtu mwema. Ameshawahi kuachwa, shela limeshonwa, kadi zimeshasambazwa. Jumapili walipotuacha tuongee wawili, aliniuliza jambo moja tu. Alisema, 'Na wewe ukibadilika, nitakujua kwa dalili gani?' Nikamwambia sitabadilika. Nilimtazama machoni nikamwambia. Na yeye akaamini, Kiputo. Niliona kabisa anavyoamini."

Nje simu ililia, na sauti ya mhariri ikasikika ikicheka na msomaji mwingine.

Kiputo alimwona yule muuguzi asiyemjua. Alimwona anapiga pasi shati, anarudia kola mara mbili. Kama angetamka neno moja sasa hivi, neno moja tu, Wino angevunja ahadi yake. Alikuwa na hakika hiyo. Aliiona machoni mwake, mtu amesimama ukingoni anangoja asukumwe. Na kesho asubuhi mwanamke mwingine angelikuta shela lake la pili halina kazi.

"Niambie jambo moja," Wino akasema. "Kama ungeiona pete..."

"Usiniulize."

"Kiputo."

"Usiniulize kwa mdomo wako, Wino. Ukiniuliza kwa mdomo nitakujibu kwa mdomo, na nikikujibu hutaondoka humu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lete hicho kipande cha mwisho. Nijaze maneno niende zangu."

Hapakuwa na haja ya fotokopi tena. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mchoro wenyewe kwa mara ya kwanza tangu siku ya chai. Kisanduku cha kwanza, Kidevu kabeba begi lake mwenyewe, kapinda mgongo, soksi zinachungulia. Cha pili, njia panda, na Mkoba kanyoosha kidole upande mmoja, Kidevu upande mwingine. Cha tatu, Kidevu yuko mbali sana, mdogo kama punje, kaweka viganja mdomoni anaita. Mkoba yuko karibu, kageuka, uso hauonekani. Kutoka kwake kilitoka kiputo kidogo. Ndani yake lingeingia neno moja, si zaidi.

Kumbe Wino alikuwa ameuliza tayari. Alikuwa ameuliza tena kwa njia yake, kabla hata hajajua habari za mashine.

Kiputo akachukua karatasi ya maneno, akaandika. *Moja, Kidevu: Kumbe mzigo una uzito. Miaka mitano hukuniambia. Mbili, Mkoba: Hukuuliza. Tatu, Kidevu: Mkoba, ungejua kile si kifungo, ungenijibuje?*

Namba nne ilikuwa ya Mkoba. Akaandika neno moja, akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka juu ya kopo la nibu.

"Sheria ya meza," akasema. "Usibishe."

"Sibishi."

Alisimama. Wino naye akasimama. Walikuwa karibu kiasi kwamba Kiputo aliisikia harufu ya wino na ya sabuni ngeni kwenye lile shati. Hakumgusa. Alimfungia kifungo cha juu cha shati kilichokuwa kimeachia, akageuka, na akatoka kabla Wino hajafungua karatasi.

Kesho yake aliamka na kukuta baba hajafungua gazeti. Amelilaza mezani katikati ya saa za watu, analingoja kama mgonjwa anavyongoja majibu. Alipomwona binti yake, akafungua ukurasa wa kumi na nne moja kwa moja.

Alisoma kisanduku cha kwanza, midomo inacheza. Akasoma cha pili. Akafika cha tatu, akakunja uso.

"Hapa hakuna neno. Kidevu kauliza, Mkoba hajajibu. Kiputo kitupu."

Binti akakaribia. Kweli, kile kiputo kidogo kilionekana cheupe. Maneno mengine yote yalikuwa yameandikwa kwa ule mwandiko mnene wa Wino, wa kusomeka hata ukiwa mbali. Cha mwisho kilikuwa cheupe kabisa. Kwa hiyo alibisha, akawaza. Mara ya kwanza katika miaka mitano, na kabisha hili.

Baba alikuwa amekwisha bana kioo jichoni. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Alipoinua uso, jicho lile bila kioo lilikuwa limelowa.

"Limeandikwa," akasema. "Kwa nibu ile ile ya pete, herufi ndogo kuliko lile jiwe lake."

Akampa kioo. Kiputo hakukitumia. Alijua kilichoandikwa. Lakini alikishika, na baba akaweka mkono wake juu ya mkono huo, mkono wa fundi, mwepesi, unaoogopa kuharibu.

"Nilikosea, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemtia woga."

Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa ni mhariri, na nyuma yake zilisikika simu nyingine.

"Kiputo, nisaidie. Watu wanapiga wanasema kiputo cha mwisho kimetoka kitupu. Wanataka kujua Mkoba kamjibu nini. Niwaambie nini?"

Kiputo alitazama gazeti, akaitazama ile nafasi nyeupe ambamo neno lake lilikuwa limelala, limeandikwa na mkono ambao hautaandika maneno yake tena.

"Waambie alisema ndiyo," akajibu. "Ila Kidevu alikuwa ameshafika mbali."